Magamba Yasiyo na Tundu

"Samaki Mmoja, upo?"

"Nipo."

"Mzigo umeshashuka kisiwani. Mzigo huo ukivuka maji leo, wiki ijayo tutakuwa makaburini tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Sauti ikakatika sikioni.

Verlene Moxey alivuta kofia yake ya ukili mpaka kwenye nyusi, akaiweka sawa miwani yake ya Ray-Ban yenye kamera ndani ya fremu, akaendelea kusukumana na watalii gatini. Nyuma yake meli ilikuwa imeziba jua, ghorofa juu ya ghorofa, vioo vitupu. Mbele yake kisiwa. Mchanga mweupe, minazi iliyopandwa kwa mstari, na muziki uliokuwa ukipigwa tangu kabla ya mtu wa kwanza kushuka.

Msichana wa kampuni mwenye fulana ya njano aligusisha kadi ya Verlene kwenye mashine. Mashine ikalia.

"Karibu nyumbani!" msichana akasema.

Alimwambia hivyo kila mtu. Wazee wa Ohio, maharusi wa Toronto, watoto waliokuwa wakilia joto. Karibu nyumbani. Ndiyo kauli waliyopewa na kampuni, na asiyeisema hukatwa mshahara.

Verlene alimjua msichana yule. Alikuwa binti wa jirani yao, kijiji cha ng'ambo. Lakini msichana hakuinua macho. Akishaona bangili ya mgeni mkononi, uso hautazami tena. Kazini wanafundishwa hivyo.

Sisi kisiwa hiki tulikiita Kisiwa cha Mabel. Wazee wetu walilima mbaazi hapa, walivua hapa, na walipokufa wakazikwa hapa hapa. Kisha serikali ikakikodisha kwa kampuni ya meli, kampuni ikakibatiza Ghuba ya Tabasamu. Siku hizi tunakuja asubuhi tukiwa na sare, na jioni tunahesabiwa na kurudishwa pamoja na viti vya kukodi.

Ndiyo maana wakuu wa upelelezi kule Nassau, mji mkuu, walimchagua Verlene. Walisema anakijua kisiwa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kukiona tena.

Mzigo wenyewe ulikuwa kidude cha chuma, kidogo kuliko kifuniko cha soda. Kikipachikwa kwenye bastola, bastola inasahau adabu. Unavuta mara moja, inatema risasi zote. Vilikuwa vinatoka Florida, hilo lilijulikana. Uwanja wa ndege ukapekuliwa, bandari ikapekuliwa, hakuna kitu. Hadi mwezi uliopita, mahabusu mmoja alipofungua mdomo: vinashuka Ghuba ya Tabasamu.

Na kwa nini visishuke? Pale hakuna forodha. Kampuni inajikagua yenyewe.

Wapelelezi wawili walishatumwa, wakapekua mikoba ya vibarua mpaka kwenye vyombo vya chakula. Walirudi mikono mitupu, na vibarua wanne wakafukuzwa kazi kwa kupekuliwa.

Verlene alikuwa na sababu yake. Iliitwa Kenrad. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mcheshi, akikaa kwa Verlene ili asome Nassau. Januari alikwenda mazoezi ya Jankanu, gwaride letu la ngoma za sikukuu, na ngoma yake begani. Mtu akapita na gari, akamlenga mwingine kabisa, bastola ikatema zote. Majirani walisema ilisikika kama kitambaa kikichanwa.

Tangu mazishi yale, Verlene alikuwa halali vizuri, na hakujisumbua kujidanganya kwamba ipo siku atalala.

Bastola yake ya Beretta ilibaki Nassau, maana huwezi kupanda meli ya starehe na bastola. Alikuwa na miwani, kidude cha sikioni, na saa ya G-Shock yenye kitufe cha siri. Akikibonyeza, boti ya doria iliyojificha nyuma ya kisiwa cha pili inakuja.

Akashika njia ya ufukweni.

Njia ya kwenda baa ilikuwa imepambwa pande zote mbili kwa magamba ya zamani ya kome, meupe kwa kuchomwa na jua, yamepangwa kama meno. Watalii walikuwa wanapiga picha. Verlene alipita bila kuyatazama mara mbili. Macho yake yalikuwa kwenye kibanda kilichokuwa mbele.

Kibandani kulikuwa na ubao: NAHODHA KOME. KACHUMBARI HALISI YA KISIWANI.

Chini ya ubao alisimama mzee amevaa suruali iliyochanwa magotini makusudi na kofia iliyotobolewa makusudi. Maishani mwake mzee yule hakuwahi kuvaa nguo iliyochanika. Alikuwa fundi wa mashua na shemasi. Jina lake Hartman, kaka wa mama yake Verlene. Kenrad alikuwa mjukuu wake.

Verlene alijipanga. Yeye ni mtalii wa Atlanta. Hamjui mtu. Ataagiza, atatazama, ataondoka.

Akasogea kwenye kaunta.

"Habari za asubuhi," akasema.

Akajiuma ulimi palepale.

Kwetu huingii kwa mtu bila salamu. Hata ukienda kununua kiberiti, unasalimia kwanza. Ukianza na shida yako utahudumiwa mwisho, na utasemwa mpaka ukoo wako. Verlene alifunzwa kudanganya mashine za kupima uongo. Alifunzwa kukaa siku mbili bila maji. Hakuna aliyewahi kumfunza kukiingia kibanda cha mtu mzima kama ng'ombe.

"Nzuri, mwanangu," mzee akajibu huku akikata vitunguu.

Kisha kisu kikasimama.

Wageni hawasalimii. Wanasema nipe, wanasema bei gani, wanasema hiki kibichi? Mzee aliinua macho taratibu. Akatazama kidevu chini ya miwani. Akatazama kovu la kidoleni.

"Unataka pilipili nyingi?" akauliza kwa sauti ya juu, ya kazi. Kisha kwa sauti ya chini: "Umefuata nini huku?"

"Nyingi, tafadhali." Na chini: "Kazi, Mjomba."

"Kazi. Nilikupa mtoto mzima ukanirudishia kwenye sanduku. Ulikuwa kazini siku hiyo pia, sivyo?"

Verlene akaweka kadi yake juu ya kaunta.

Mzee alichukua kome mmoja mzima kutoka kwenye ndoo, yule konokono mkubwa wa baharini mwenye gamba la waridi. Nyundo ikapanda, ikashuka mara moja juu karibu na kichwa cha gamba. Tundu. Kisu kikaingia tunduni, kikakata msuli, na mnyama akavutwa nje mzima mzima. Hakuna njia nyingine kwetu. Kila mtoto wa visiwa hivi anajua mahali pa kupiga.

"Wewe ulikuwa unapiga mara mbili," mzee akasema, na kwa kufumba na kufumbua sauti yake ikawa ya zamani. "Kome wako wa kwanza ulimtoboa matundu mawili, moja limekwenda upande. Tulicheka mpaka mamako akakaa chini."

"Nakumbuka."

"Gamba lile uliliweka kichwani pa kaburi lake."

"Nakumbuka, Mjomba."

Mzee akarudia vitunguu vyake, machungwa machachu, pilipili. Verlene alishusha macho, kwa sababu yalikuwa yanamuwasha. Ndipo akaona.

Juu ya kaunta kulikuwa na magamba ya kuuzia wageni. Kila moja lina tundu. Chini ya kaunta, nusu yamefunikwa na gunia, kulikuwa na kreti ya plastiki yenye muhuri wa stoo ya meli. Imejaa magamba. Makubwa, mazuri, ya waridi, yanang'aa.

Hayakuwa na tundu. Hata moja.

Akainama kana kwamba anafunga kiatu. Akaligusa la juu. Lilikuwa zito kuliko gamba tupu, na ndani kabisa, mahali kidole kinapofika kwa shida, palizibwa kwa nta ya rangi ya waridi.

"Hayo si ya kuuza," mzee akasema haraka.

"Yametoka wapi?"

"Yanakuja na meli. Mapambo."

"Magamba ya kome kutoka Florida. Kuja Bahama."

"Mimi sikuuliza."

"Yanakwenda wapi, Mjomba?"

"Jioni nayavusha na boti ya vibarua. Kuna mtu anayapokea, yanapanda meli ya barua kwenda Nassau. Sasa kula chakula chako uende."

"Nahodha! Mgeni wetu anahudumiwa?"

Sauti ilitoka nyuma ya bega la Verlene. Mwanamume wa Florida, fulana nyeupe, meno meupe zaidi, redio kiunoni. Brent Kessling, mkurugenzi wa ufukwe. Kila mtu kisiwani alikuwa chini yake, mpaka kaa wa mchangani.

"Nahudumiwa vizuri sana," Verlene akasema.

"Safi! Umetoka wapi, mama?"

"Atlanta."

"Atlanta!" Kessling akatabasamu. "Nina miaka minne hapa. Watu elfu nne kwa siku. Hajapatikana hata mmoja aliyemsalimia mzee huyu kabla ya kuagiza. Wewe ndiye wa kwanza. Huko Atlanta mna adabu hivyo?"

"Nimelelewa na bibi."

"Inaonekana," Kessling akasema. "Inaonekana kabisa. Furahia siku yako."

Akaondoka akipiga mluzi. Baada ya hatua chache akainua redio mdomoni.

Verlene aliacha kachumbari juu ya kaunta.

Akatembea.

Asikimbie. Anayekimbia ufukweni bila mpira anaonekana. Kioo cha baa kilimwonyesha walinzi wawili wakitoka kwenye kivuli, mmoja mnene, mmoja mwenye shingo ndefu. Akakata kushoto kati ya viti vya kulalia. Nao wakakata kushoto.

"Samaki Mmoja, vipi?"

"Nimeuona mzigo. Nami nimeonekana."

"Umeonekanaje?"

"Nimesalimia."

Kamanda Farquharson, ambaye redioni huitwa Mwalimu, alikuwa amekulia kisiwa cha Acklins. Hakuhitaji kufafanuliwa.

"Bonyeza saa," akasema. "Doria inakuja. Wewe hakikisha mzigo hauondoki."

Verlene akabonyeza. Akapita katikati ya watu waliokuwa wakicheza kwa kufuata maagizo ya kipaza sauti: mikono juu, mikono chini, geuka. Mnene alikuwa karibu sasa. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba aliouvaa kiunoni.

Ghafla mtu akamshika Verlene mkono.

Alikuwa mwanamke mmoja mgeni, mwekundu kwa jua, glasi mkononi.

"Dada, taulo tunachukulia wapi? Tumesubiri sana."

Verlene alikuwa na bangili ya mgeni. Alikuwa na kofia ya bei, miwani ya bei, mkoba wa meli ileile. Mwanamke hakuona lolote katika hayo. Aliona ngozi, akaagiza taulo.

Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Kisha ikageuka kitu kingine, cha baridi na chenye manufaa.

"Nakuletea sasa hivi, mama," akasema.

Akaingia kibanda cha taulo. Fulana ya njano ilikuwa imening'inia msumarini. Akatia miwani mkobani, akaivaa fulana juu ya nguo na mkoba wake, akatupa kofia, akakata bangili kwa meno. Redio ya wafanyakazi ilikuwa mezani ikichajiwa, akaitia mfukoni. Kisha akabeba taulo mpaka zikamfika kidevuni, akatoka kwa mlango uleule alioingilia.

Mnene alikuwa mlangoni. Uso kwa uso.

"Pisha njia, wewe!" mnene akasema, akampiga kikumbo na kuingia ndani kumtafuta mwanamke mwenye kofia ya ukili.

Verlene akapisha. Ufukwe mzima ulikuwa na macho na hakuna hata jicho moja lililomwona. Ni ujuzi ambao hakuna chuo cha kijasusi kinachoufundisha. Sisi tunazaliwa nao, na unauma kila unapofanya kazi.

Redio ikakohoa mfukoni. Ilikuwa sauti ya Kessling, bila tabasamu sasa.

"Mwambieni mzee asisubiri jioni. Apeleke kreti kwenye boti sasa hivi. Apitie uani."

Verlene akaongeza mwendo.

Uani ni nyuma ya ukuta wa maua ya plastiki. Upande wa wageni kuna muziki na harufu ya mafuta ya kujipaka. Upande wetu kuna mapipa ya taka, ngurumo ya mashine za umeme, na ukuta mrefu uliofunikwa turubai la kijani. Katikati ya ukuta kuna geti la chuma lenye mnyororo na kufuli. Kila mtu wa kijijini anajua nyuma ya geti lile kuna nini. Ndipo walipo watu wetu.

Mzee Hartman alikuwa anasukuma mkokoteni kuelekea gati la vibarua. Kreti ilikuwa juu yake.

Verlene akatupa taulo chini.

"Mjomba. Simama."

"Niache nifanye kazi yangu."

"Umeshika nyundo ya kome tangu hujaota ndevu. Hukuona kwamba haya hayana tundu?"

Mzee akaushika tena mpini wa mkokoteni.

"Mwingine yeyote angeniambia hakujua, ningemwamini. Si wewe."

"Niliona," mzee akasema. "Siku ya kwanza niliona."

"Ukasemaje?"

"Sikusema." Akaelekeza kidevu kwenye geti. "Bwana Kessling alinionyesha ufunguo wa hilo. Akasema, mzee, wewe nisaidie na mapambo yangu, na kila Siku ya Wafu utaingia na watu wako mkafagie makaburi. Mama yangu yumo humo. Mamako yumo humo, Verlene. Nani mwingine angewafagilia? Wewe uliyekimbilia Nassau?"

"Amelifungua mara ngapi?"

"Atalifungua mwaka huu."

"Mwaka jana alisemaje?"

Mzee akatazama chini.

"Mwaka huu," akasema.

Verlene alichomoa nyundo kwenye mkanda wa mjomba wake. Akachukua gamba la juu kabisa, akaliweka chini, akapiga. Safari hii mara moja tu. Gamba likapasuka, nta ikabanduka, na vidude vya chuma vikamwagika sarujini vikilia kama sarafu.

Mzee akainama. Akaokota kimoja, akakiweka kiganjani.

"Nini hiki?"

"Polisi walikueleza msibani. Kile kitu kinachopachikwa."

"Kadogo hivi?"

"Kadogo hivyo."

"Mimi nilidhani unga. Nilijiambia ni unga wao, wanauziana wenyewe kwa wenyewe..." Akakunja kiganja. "Verlene. Magamba yalianza kuja Oktoba."

"Ndiyo."

"Na Kenrad..."

"Ndiyo, Mjomba."

Alikuwa ameyabeba maneno yale tangu alipoliona gamba chini ya kaunta, na alidhani yakimtoka yatampunguzia uzito. Hayakumpunguzia kitu. Aliona mzee wa watu akizeeka mbele yake, na akajichukia, na akamchukia naye.

"Nyundo chini."

Kessling alisimama penye mwanya wa maua ya plastiki. Bastola ilikuwa mkononi, imebanwa kiunoni ili isionekane kwa wageni.

"Nahodha, sukuma mkokoteni," akasema. "Mimi na mama wa Atlanta tuna mazungumzo."

Mzee hakusogea.

"Bwana Kessling. Ulisema ndani mna nini?"

"Mapambo. Sukuma."

"Mapambo," mzee akarudia.

Mkono uliovunja kome miaka hamsini una nguvu zake. Verlene aliona tu bega likizunguka. Gamba zima, zito kwa chuma kilichokuwa ndani, likaruka, likampiga Kessling kifundo cha mkono. Bastola ikageukia ukutani na kulia.

Mara moja. Zote. Kitambaa kikichanwa.

Turubai likatoboka toka mwanzo hadi mwisho. Kabla ganda la risasi ya mwisho halijatua, Verlene alikuwa ameshafika. Goti tumboni. Nyundo kwenye vidole. Bastola ikaanguka. Akamlaza Kessling kifudifudi, akamfunga mikono kwa taulo ya kampuni, fundo la mashua alilofundishwa na mjomba.

Upande wa pili wa ukuta wa maua, watalii walishangilia. Walidhani ni fataki.

Mzee alikuwa amepiga magoti, mikono masikioni. Sasa alikuwa ameisikia sauti ile kwa masikio yake.

Boti ya doria iligonga gati la vibarua injini zikiwa bado zinaunguruma. Vijana sita wa jeshi la majini wakaruka. Mnene na mwenye shingo ndefu walikutwa wameinua mikono kabla ya kuambiwa. Kreti ikabebwa, gamba kwa gamba.

Alasiri simu ikaita mkobani mwake.

"Kazi safi, Samaki Mmoja," Mwalimu akasema. "Tumempata na mpokeaji wa ng'ambo. Mkondo umekatika."

"Kessling?"

Mwalimu akashusha sauti.

"Kampuni inamrudisha kwao na ndege yake leo. Watamshtaki huko. Wamesema hivyo. Taarifa ya magazeti itasema jenereta ililipuka."

"Na mzee?"

"Mzee ni wetu. Atasimama mahakamani kwetu."

"Yeye tu."

"Usinifanyie hivyo, Verlene. Nimegombana nao mchana kutwa. Jumamosi hii hakuna mama atakayelia makaburini kwa sababu ya vyuma vile. Shika hilo."

"Nashika," akasema, akakata simu.

Mjomba wake alikuwa gatini, amefungwa pingu, kofia ya kutobolewa makusudi bado kichwani. Verlene akaivua, akaitupa majini.

"Nipe dakika moja nipite getini," mzee akasema. "Niwaage."

"Siwezi, Mjomba. Umeshakamatwa."

"Basi nenda wewe. Kufuli lile bovu. Wafagilie kwa niaba yangu. Kuna majani mengi sasa, nadhani."

Verlene alirudi uani na nyundo. Kufuli lilikubali kwa pigo la pili. Mnyororo ukashuka, geti likasukumika.

Hakukuwa na majani.

Palikuwa na saruji, laini, safi, ukuta hadi ukuta. Juu yake mashine tatu za umeme na tangi la mafuta. Hapakuwa na tuta wala msalaba. Saruji ilikuwa na nyufa za zamani, na mafuta yaliyokauka zaidi ya mara moja. Ilimwagwa muda mrefu uliopita, pengine kabla Kessling hajamwonyesha mzee ufunguo.

Ufunguo wa nini, basi? Verlene alisimama pale ngurumo ikimtetemesha miguu. Alitaka kulia, hasira ikamzuia.

Kisha akawaza jambo. Kwetu makaburi huzungushiwa magamba ya kome. Makubwa kichwani, madogo ubavuni. Walipomwaga saruji, magamba waliyapeleka wapi?

Akatoka kwa kasi. Akapita ukuta wa maua, akapita wanaocheza, mpaka njia ya kwenda baa.

Meupe. Ya zamani. Yamepangwa pande zote mbili, na kila moja lina tundu.

Akapiga magoti. Akaanza kuyageuza moja moja, miguu ya watu ikimpita na glasi zao. Lile alilokuwa akilitafuta lilikuwa karibu na mlango wa baa, chini ya ndoo ya majivu ya sigara. Matundu mawili. Moja limekwenda upande.

Alilipangusa majivu kwa ukingo wa fulana. Akalitia mkobani.

"Samahani, dada," mtu akasema juu yake. "Hapa wanahudumia au ni mpaka ndani?"

Verlene akasimama, akampita.

Botini, mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, macho kisiwani. Injini zikapanda.

"Umewafagilia?" akauliza.

Verlene alimtazama. Hakuna hakimu atakayempa adhabu kubwa kuliko neno moja alilokuwa nalo mdomoni. Alikuwa na haki nalo. Kenrad alikuwa na haki nalo.

"Nimewafagilia," akasema.

"Majani?"

"Hayakuwa mengi."

"Na gamba lako lile, la matundu mawili? Bado lipo kichwani pa mamako?"

"Lipo, Mjomba."

"Basi," mzee akasema, akafumba macho, na mabega yake yakashuka. "Basi vizuri. Angalau hilo."

Verlene akavaa miwani yake, akaenda kusimama mbele kabisa ya boti, peke yake. Nyuma kipaza sauti kilikuwa bado kinawaambia watu wainue mikono. Hakugeuka. Mkoba ulikuwa mzito begani, naye hakuuweka chini mpaka Nassau.